Kijiko cha Ngano ya Mtakatifu Nikola

Gornja Lipovica,
karibu na Čačak,
5 Novemba 2023.

Mpendwa mwanangu Nevenka,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa baba yako mkubwa Tihomir. Mnaendeleaje huko Malmö? Baridi imeshaanza kuwauma? Sisi hatujambo, ila goti langu lina yake. Plamu mwaka huu zimekubali, jamu imejaa kabati zima.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, kisha nikaisoma tena nimekaa. Pole, mwanangu. Tumbo kujaa kila ukila, uchovu usioisha, damu kupungua: kana kwamba unamweleza baba yako mkubwa alivyokuwa mwaka jana! Unauliza upunguze ngano au uiache kabisa, maana kazini kwako nusu ya watu wameacha. Halafu chini kabisa, kwa maandishi madogo, umesema Siku ya Mtakatifu Nikola, sikukuu ya nyumba yetu, huji. Hapo ndipo nilipolia.

Ngoja kwanza nikupe habari za mzee, maana ugonjwa huu unatembea katika ukoo wenu, sio wangu.

Alikonda mpaka suruali zikawa zinamvuka. Akapimwa mjini, akaambiwa ni gluteni, hicho kitu kilichomo ndani ya ngano na shayiri, utumbo wake haukiwezi, aache. Aache! Mtu anayekula hata tambi kwa mkate! Akaanza kupatana na mimi kama yuko sokoni: atapunguza, atakula Jumapili tu. Jumapili ikaongezewa Jumatano. Tumbo likabaki vilevile.

Mwishowe akaacha kweli. Unga wote wa ngano nikampa jirani yetu Stamenka, hata mkate wa sikukuu ya mtakatifu wetu sasa yeye ndiye anayetuokea. Nikampikia mzee ugali wa mahindi na jibini, akanuna: "Vida, mimi kuku?" Akala. Akaomba tena.

Februari tukarudi kwa daktari, binti mmoja mpole. Damu bado mbaya. Umekula nini, mzee? Hakuna, akaapa, na mimi nikamuunga mkono. Hata kidogo? Ndipo akasema, wala haoni haya: "Labda ile ngano ya watakatifu. Lakini hiyo sio chakula, binti yangu."

Nevenka, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Unajua msimu wetu: Oktoba hadi Januari kila nyumba na sikukuu ya mtakatifu wake, na kila ukiingia unapokewa na kijiko cha ngano ya kuchemsha iliyosagwa pamoja na kokwa za jozi na sukari. Mzee alikuwa amezunguka kijiji kizima akila, na mimi nipo nyuma yake namtazama! Haikunijia akilini hata mara moja. Kwetu kile kijiko ni sala. Daktari hakutucheka. Alisema tu kwamba utumbo haujui kusali, na hicho nacho kiachwe.

Akakiacha. Mashavu yamerudi, anapanda ngazi huku anaimba vibaya. Lakini kiangazi chote alikuwa anaogopa sikukuu zikianza. Kukataa ngano ya mtu ni kama kuwakataa marehemu wake. Najua ndilo linalokutisha na wewe. Ngano yetu ni ya kumkumbuka marehemu baba yako Ljubomir pia, na wewe ndiye mtoto wake pekee.

Basi Jumanne ilikuwa Mtakatifu Luka, sikukuu ya kwa Stamenka. Chumba kimejaa watu. Akamletea Tihomir bakuli. Mzee akafanya ishara ya msalaba, akaweka mkono kifuani, kijiko hakugusa. Stamenka habari za tumbo anazijua, lakini mbele ya wageni akabana midomo: "Tihomir, ngano yangu imekukosea nini?" Maskini, nikauona mkono wake unaanza kwenda kwenye kijiko. Nikauchapa! Nikala kijiko changu, nikachota cha pili. "Hiki chake," nikasema. "Nyumba yetu imekula. Una lingine?" Stamenka akaangua kicheko: "Haya kula, Vida, wewe hujawahi kukataa kitu!" Tukaketi kwenye nyama na viazi.

Sasa jibu langu. Usiache mkate kwa kusikia ya kazini. Nenda upimwe kwanza, na mpaka upimwe endelea kuula kama kawaida, maana daktari wetu alituambia ukiacha mapema vipimo vinaweza kudanganya. Mtajie ugonjwa wa baba yako mkubwa. Wasipoukuta, kula kwa amani na watafute kinachokusumbua. Wakiukuta, acha mkate wote na kila cha ngano, mwanangu. Usinifanyie mambo ya Jumapili.

Lakini wakisema lolote lile, njoo. Kuna samaki, kuna maharage, na sufuria ya mzee, isiyoguswa na unga, itawatosha wawili.

Msalimie mumeo Goran, umbusu mwanao Iskra kwenye paji la uso. Stamenka anakusalimu na anauliza umenenepa au umekonda, kama kawaida yake. Mungu awafunike, na Mtakatifu Nikola, mlinzi wa wasafiri, awalete salama.

Tarehe kumi na tisa Disemba utasimama mbele ya bakuli, ufanye ishara ya msalaba, umtaje baba yako kwa jina. Mimi nitakuwa ubavuni kwako. Nitakula changu, nitakula cha Tihomir, na chako nitakula.

Mimi mama yako mkubwa, ninayekupenda na kukungoja,
Vidosava