Mungu wa Juu ya Ngazi

Temple Hills, Maryland
4 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka salama, na kile kikohozi kimekuachia. Mimi nipo, ila nimechoka. Tangu alfajiri naogesha wazee wa watu, na jioni nina darasa. Chuo kinataka hata anayesomea unesi achukue somo moja la sanaa, nami nikaangukia michezo ya tanzia ya Wayunani wa kale.

Usicheke: nimepewa nafasi ya mungu, kwa sababu ya sauti. Watu wanateseka mchezo mzima, wanalia, wanauana, na mwisho kabisa mungu anatokea juu ya paa kusema nani aende wapi na nani asamehewe. Zamani walimnyanyua kwa winchi. Sisi tuna ngazi ya fundi rangi. Mwalimu anasema mungu huyo hafi, kwa hiyo hana cha kupoteza, ndiyo maana halii. Halafu akatuuliza: ni miungu wanaotenda, au watu hutenda wenyewe kisha wakasema mungu amesema? Nilisinzia kabla hajajibu.

Kidonda cha baba mguuni kimeanza kukauka?

Mwanao,
Mwita

Tarime
17 Februari 2024

Mwita mwanangu,

Marahaba. Kikohozi kimekwisha, uzee ndio umebaki. Dada yako Adela ataipiga picha karatasi hii akutumie. Sitaki tuongee kwa simu, maana ukipiga wewe huwekwa spika sebuleni, na ukoo mzima unakaa kimya kama uko misani.

Huo umungu wako usimwambie padre.

Kidonda hakikukauka. Sukari imeshinda, vidole vimekuwa vyeusi, na daktari anasema mguu ukatwe chini ya goti kabla sumu haijapanda. Baba yako amekataa. Anasema atazikwa na miguu yake yote miwili. Baba zako wadogo wamekaa kikao wakaamua hakuna kisu mpaka Mwita aseme. Wewe ndiye mkubwa, tena uko Marekani, unafanya kazi na madaktari. Hata baba yako kasema, akisema Mwita nitakubali. Kila siku nauosha ule mguu, na harufu yake nimeshaizoea, jambo linalonitisha. Sema neno, mwanangu.

Mama yako

Temple Hills
8 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Poleni wote, na baba mwambie pole kwa mdomo wangu. Nimechelewa kujibu, unisamehe.

Hapa kazini yupo mzee aliyekatwa mguu. Huniomba nimkune unyayo ambao haupo, na mimi nakuna shuka. Kila nikianza kukuandikia namwona baba kwenye kitanda kile. Nikisema kateni akafia chumba cha upasuaji, nimemuua mimi. Nikisema msikate akafa, nimemuua mimi vilevile. Naogopa, mama. Subirini kidogo. Nitamuuliza Makena, nesi wa Meru anayekaa Oxon Hill. Shifti zetu zinapishana, hatujaonana.

Kwenye mazoezi nimeambiwa nisiwatazame walio chini ninapotamka. Juzi niliwatazama, maneno yote yakapotea.

Mwanao,
Mwita

Tarime
30 Machi 2024

Mwanangu Mwita,

Marahaba. Sote tu wazima, na baba yako yumo humo katika sote. Najua umepiga simu mara nyingi. Mimi ndiye niliyemkataza Adela kupokea.

Barua yako ilifika wazee wakiwa wamekaa wanangoja, baba yako kalala kwenye kochi na homa. Nikaichukua simu ya Adela, nikasimama nikasoma. Ulikuwa umeandika subirini. Mimi nikasoma kateni. Nikaongeza na maneno ya kumfariji, yote kwa ile sauti yangu ya ualimu, na hakuna aliyeuliza. Kesho yake akakatwa.

Amepona. Daktari anasema tungechelewa kidogo tungemzika. Lakini hasira yake yote iko kwako. Anasema mwanawe kakaa Marekani akaagiza baba yake akatwe kama mbuzi, na picha yako kaigeuza ukutani. Swali la mwalimu wako nimelijibu, unaona. Ukitaka niseme kweli mbele yao, nitasema. Naomba tu usinichukie.

Mama yako

Temple Hills
14 Aprili 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kwenye basi nikapitiliza kituo. Nilikasirika sana. Jina langu si kanga ya kuazimwa, nilisema hivyo peke yangu barabarani. Jioni nilimwandikia baba barua ya kila kitu, nikaichana.

Makena nimempata hatimaye. Alisema mngengoja neno langu mngechimba kaburi. Wewe umebeba kilichonishinda.

Kwa hiyo usiseme. Ni wewe unayempikia uji, unayemfunga bandeji, unayemwegemeza kwenda chooni. Akikuchukia wewe, atamshika nani? Mimi niko mbali, anichukie mimi. Jumapili nitapiga. Wekeni spika, na waite baba wadogo wote, nitasema mbele yao kwamba nilisema kateni.

Mchezo tumeshaucheza. Safari hii sikutazama chini, watu wakapiga makofi, nikashuka ngazi.

Inaniuma, mama, sikufichi. Siku baba akinitaja, hata kwa kunitukana, niandikie alivyosema.

Mwanao,
Mwita