Tikiti la Nyota

4 Machi

Kwa Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje huko kwa Mama Mdogo? Sisi hatujambo. Babu anakusalimu kwa kukohoa, kama kawaida yake.

Naandika herufi kubwa ili usome mwenyewe, maana hili sijawahi kumwambia mtu. Siku ya kupanda nilikuwa nasoma kitabu huku nikitembea na makopo yako ya mbegu. Nilijikwaa. Zote zikachanganyika: za tikiti la milia, za lile dogo lenye nyama ya njano, na zile nne za tikiti la nyota ulizoachiwa na mama yako. Zote nyeusi! Nilizipanda hivyo hivyo, nikanyamaza. Sasa yameota machipukizi kumi na moja, yanafanana kama mapacha. Nisamehe.

Mjukuu wako

13 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Mtoto wa jicho amekomaa. Daktari atamtoa mwezi wa sita. Siku hizi Mama Mdogo namtambua kwa harufu ya sabuni.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mbegu si maji, na wewe umezizoa. Tazama majani kila asubuhi. La nyota halijifichi: majani yake hutokwa na madoa ya njano. Ukilipata, tafuta ua jike, lenye kitikiti kidogo chini yake. Jioni kabla halijachanua, lifunge kwa uzi. Asubuhi lifungue, lipake chavua ya ua dume la mmea huohuo, ulifunge tena. Nyuki hawaulizi ukoo; wakiliwahi, mbegu hazitakuwa zetu tena.

Nataka kuliona mara moja zaidi. Babu usimwonyeshe, atalila.

Bibi

20 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Umeamkaje? Mmea wa nyota upo mmoja tu! Madoa yalianza kama vumbi, nikayafuta kwa kidole, hayakutoka. Nilipiga magoti pale mpaka nikachelewa shule. Ua nimelifunga kwa uzi mwekundu wa sweta yangu. Leo kitikiti kimekuwa kama yai, na jana kilikuwa kama zabibu. Babu anasema, "Unaliombea au unalimwagilia?"

Nijibu.

Mjukuu wako

9 Juni

Bibi,

Shikamoo. Hukujibu, nikadhani umekasirika. Kumbe macho yalikuwa yamegoma kabisa. Mama Mdogo ndiye aliyeniambia, aliponipokea stendi leo.

Umelala hapa hospitali, na nesi amekataa nikuamshe. Aliponiona na mzigo kifuani aliuliza, "Na huyu mgonjwa anaumwa nini?" Nikafunua shuka nililolifungia tikiti. Akanisogezea kiti. Bibi, ni la kijani karibu na nyeusi, limejaa nyota, na ubavuni lina doa moja kubwa kama mwezi. Kila nikilitazama nasahau kupumua.

Kesho asubuhi watakufungua bandeji. Nimeliweka juu ya kiti, mbele ya kitanda chako, upande wenye nyota nyingi ukikuelekea. Barua hii nimeiweka chini yake. Sijalikata. Kisu ninacho, nimekizungushia gazeti. Kisha nimetoka, nimeketi kwenye benchi nje ya mlango, nangoja uniite.

Mke mwenzio