Vidonge vya Njano vya Kemunto

Mdogo wangu Kemunto,

Nimepewa vidonge vyako. Juzi nilikwenda kliniki ya waja wazito pale Keumbu, na muuguzi akanimiminia kwenye bahasha ya karatasi vidonge vidogo vya njano, vilevile vya zamani. Ni vya damu, akasema, kimoja kila asubuhi. Nilipitia kwa Mama, kule Gesima, nikiwa na furaha ya kitoto, maana miaka kumi na tatu nimengoja dawa hiyo iandikwe jina langu. Mama alichungulia ndani ya bahasha, akakaa chini, akasema, "Dawa ya Kemunto." Furaha ikaniishia hapohapo.

Nilikuonea wivu, na sina sababu ya kuuita jina lingine. Wewe ulikuwa na miaka sita, mimi tisa. Macho yako yalikuwa ya manjano, na mifupa ilipokuuma ulilia mpaka sauti ikakauka. Sista wa hospitali ya misheni alimweleza Mama kwamba damu yako inavunjika upesi kuliko ya watoto wengine, na kidonge kile kinausaidia mwili kutengeneza nyingine. Mimi nilichosikia ni kwamba umepata jambo jingine la kupendewa. Tata, baba yetu, alikuwa ameshatoa damu yake ukawekewa. Mayai yote ya kuku wetu yakawa yako. Chinsaga, zile mboga chungu ambazo Mama alizichemsha kwa maziwa mpaka zikalainika, ulipakuliwa wewe kwanza, mimi nikakwangua chungu. Siku ya Sabato ulikwenda kanisani mgongoni kwa Mama, na mimi mwenye miguu mizima nilifuata nyuma nimekubebea viatu.

Mama alitoka alfajiri kuchuma chai, kwa hiyo kazi ya kukupa kidonge ilikuwa yangu. Kilikaa na wenzake katika kopo la kakao, juu darini, palipokaushiwa mahindi. Asubuhi moja nilikitia kinywani mwangu. Hakikuwa na ladha ya maana. Wewe ulinitazama tu, ukaendelea kumenya yai lako. Kesho yake nikakupa, keshokutwa nikameza mimi, na tukaenda hivyo wiki nyingi. Yai nalo nililigawa, kiini upande wangu.

Kisha mvua za masika zikaja na ukalazwa. Siku zote ulizokuwa hospitali sikula yai. Uliporudi, Mama aliacha kuliweka kopo darini. Alivifunga vidonge kwenye pindo la leso yake, akawa anakuamsha kabla hajaenda shambani na kukumezesha kwa mkono wake. Nikadhani amezidi kukudekeza, nikanuna. Uliishi miaka mitatu baada ya hapo. Siku ya kukuzika sikulia, na shangazi zetu walisema nina moyo wa jiwe. Nilikuwa nawaza vidonge nilivyokula.

Daktari wa kliniki aliniambia jambo nilipomtajia ugonjwa wako. Huko ng'ambo, alisema, wameanza kuchukua uboho ndani ya mifupa ya mtu na kumpa ndugu yake wa tumbo moja ambaye damu yake imeharibika, na mgonjwa huyo hulishwa na kupewa vitamini kwa uangalifu mpaka damu mpya ishike. Nimejiuliza kama ningekupa wangu. Ningekupa, Kemunto. Halafu ningekukumbusha kila siku ya Mungu.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Nikiwa pale kwa Mama, bahasha ikiwa mapajani mwake, nilimwambia, "Mama, mimi nilikuwa nakula dawa yake."

Hakushtuka hata kidogo. Alisema, "Najua. Aliniambia hospitalini. Alisema, 'Mama, usimchape Moraa, na yeye anataka kuwa mgonjwa kidogo.'"

Mama alimuuliza Sista siku ileile, na Sista akamjibu kwamba kilichokulaza ni malaria, si vile vidonge nilivyokuibia. Nilipaswa kupiga magoti nikashukuru. Badala yake nilikasirika. Miaka yote hiyo nimebeba siri yangu peke yangu, kumbe ilikuwa yenu wawili. Mliniangalia nikinuna, mkanisamehe mkiwa kitanda kimoja, na hakuna aliyeniambia. Hata wema, wewe ulinipokonya, ukiwa na miaka sita.

Sasa Mama anataka mtoto akiwa msichana aitwe Kemunto. Unajua kwetu jina la marehemu halilali. Tangu nilipopata mimba ameniomba mara tatu, na mara tatu nimemwambia nitafikiri. Ukweli ni kwamba sikutaka kulitamka jina lako nyumbani kwangu, nikuite ule, nikuite ulale, nikuone tena umebebwa.

Nimefikiri. Jina lako atapewa. Atabebwa mgongoni kwangu, viatu nitambebea, na Mama akitaka kumdekeza amdekeze mbele yangu. Lakini vidonge hivi ni vyangu. Nameza vyote, kila asubuhi, pamoja na yai zima, kiini na ute wake. Cha leo nilikitia kinywani, na kabla sijameza nilijikuta nimegeuka kuangalia kama unanitazama.

Lala, mdogo wangu. Bado nakuonea wivu.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Moraa