Nimekifukiza Ubani Kidude cha Meno cha Mwanangu

Somo wetu mpendwa wa gazetini,

Naomba uninusuru, kwani jambo lenyewe siwezi kumwambia mtu hapa Mtopanga nikabaki na uso. Nina binti yangu, Kafedha, wa miaka kumi na mitatu, meno yake ya juu yametangulia mbele tangu alipoota ya pili, midomo haifungiki, wenzake skuli wamemtania mpaka akawa hacheki ila kwa kujiziba mkono, basi mwaka jana nikang'ang'ana nikampeleka kwa daktari wa meno kule Mjini, na mume wangu, Bwana Stambuli, hakutaka, na mavyaa wangu, mamake, Bi Mwanatumu, ambaye twakaa naye, ndiye hakutaka kabisa, alisema meno ni majaliwa na mimi nataka kumkosoa Mungu, lakini nilishika langu.

Daktari akamfanyia kidude cha plastiki kinachokaa kaakaani, kina waya unaopita mbele ya meno kuyarudisha nyuma taratibu, nacho huvaliwa na kuvuliwa, akatuambia kila amalizapo kula akivue akisugue kwa mswaki na maji baridi, na meno vile vile, kisha akirudishe. Wallahi meno yalianza kurudi, mimi mwenyewe niliona. Lakini Kafedha mvivu, anakula mkate wa sinia na halua nacho kinywani, analala nacho, hakisugui, na mimi sikumfuatia kwa kuwa alfajiri niko na vitumbua vyangu, basi kikaanza kunuka, na Bi Mwanatumu kila mtoto akimwamkia shikamoo hugeuza uso akasema haya ndiyo meno yenu ya daktari. Kila siku, Somo, asubuhi na jioni, mpaka nikachoka.

Hapo ndipo nilipofanya nililolifanya. Kwetu kitu kikinuka hufukizwa, mtungi twaufukiza, nguo twazifukiza, mzazi aliyejifungua twamfukiza, basi siku ya Ijumaa Kafedha alipokuwa akioga nikakichukua kidude, nikatia makaa na ubani kwenye chetezo, nikakiweka juu nikafunika kawa, nikaenda kuepua wali. Niliporudi kilikuwa kinanukia vizuri, ila kimelegea upande mmoja na waya umekaa upogo. Nikakibonyabonya kwa vidole mpaka kikapoa, nikamtia Kafedha kinywani kwa nguvu, akalia, nikamwambia atazoea.

Leo ni siku ya tisa, na bado anakivaa. Ufizi umevimba, kaakaani kuna donda, mtoto hali ila uji. Siku yetu ya kwenda kwa daktari ni mwisho wa mwezi, na Bwana Stambuli amesema safari hii atakuja. Akijua ni mimi, atasema nilikitaka mwenyewe nikakiharibu mwenyewe, na mamake atapata la kusema mpaka nizikwe. Nilimwambia Kafedha aseme amekikalia. Akanijibu, "Nitasema hivyo, mama. Lakini usinitie tena." Tangu siku hiyo akiniona aingia chumbani. Nifanyeje daktari asijue, na mtoto avumilie mpaka mwisho wa mwezi?

Mimi niliyetahayari,
Mama Kafedha, Mtopanga

*

Mama Kafedha,

Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani macho yangu yamekosea. Jibu hili nimelitia posta siku ile ile. Gazetini latoka kwa ajili ya wengine wenye chetezo.

Pole kwa mavyaa. Kusimangwa asubuhi na jioni kunachosha, na ulipompeleka binti yako kwa daktari nyumba nzima ikikupinga, ulifanya jambo la mama. Pole yangu yaishia hapo. Yaliyobaki ni mwiba wa kujichoma, nao hauambiwi pole.

Mtungi ni udongo uliokwisha kuchomwa, moto hauutishi. Nguo haikai kinywani. Plastiki ikipata moto hulegea, na ikipoa hukaa vile vile ilivyolegea, ndiyo sababu daktari alitaja maji baridi. Na ubani wako ulifunika harufu tu, uchafu uko pale pale. Kilichokuwa kikinuka ni halua ya juzi iliyoganda kwenye kidude na kwenye meno, na uchafu huo ndio unaotoboa meno na kuchoma ufizi. Wasema Kafedha mvivu. Kafedha ana miaka kumi na mitatu. Wewe mwenzangu una mingapi?

Sasa sikiliza. Hicho kidude mvue, usingoje kumaliza kusoma. Asukutue maji ya vuguvugu yenye chumvi, asubuhi, mchana na jioni, na meno asugue polepole kwa mswaki laini hata kama ufizi watoa damu kidogo. Kidude kioshe, kitie ndani ya kikopo chenye maji baridi na kifuniko, wala usijaribu kukinyoosha, mikono yako imekwisha kufanya kazi ya kutosha. Kesho asubuhi pandeni basi la kwanza la Mjini. Mwisho wa mwezi ni mbali, donda haliwezi kungoja, na meno yaliyorudi yakikosa wa kuyashika yatakwenda mbele tena. Kama kinatengenezeka au chataka kipya, daktari ndiye ajuaye. Na akipewa kipya, kila baada ya chakula utasimama naye penye maji mpaka azoee, vitumbua vikiungua na viungue.

Leo jioni mwambie mumeo, kisha mwambie Bi Mwanatumu, kwa kinywa chako, kwamba umekosea. Atasema wiki nzima. Mwache aseme, maneno ya mavyaa hayatoi usaha.

La mwisho ndilo lililonikera. Mtoto mwenye donda amekubali kuubeba uwongo wako, na alichokuomba ni kimoja tu, usimtie tena. Uliyaandika maneno yale kwa mkono wako, kisha ukaniuliza habari ya daktari. Basi daktari akiuliza kimeharibikaje, atamtazama Kafedha, na Kafedha, kwa ajili yako, atataka kujibu. Kabla hajafungua kinywa, fungua chako.

Somo