Kiingereza cha Wahabi

Busia, upande wa Kenya
4 Februari 2024

Kwa dada Zubaida,

Assalamu alaykum. Mimi na Rukiyah tuko wazima, alhamdulillahi, ila kifua chake tu ndicho kinachosumbuliwa na vumbi la malori. Goti la Mama linasemaje? Na wanafunzi wako huko Mukuju, wanakusikiliza?

Barua hii nampa Maximilla, jirani yangu anayekuja soko la Tororo kununua simsim. Simu yangu siku hizi Wahabi anaipekua kila akirudi, ndiyo maana sipigi.

Nataka unisaidie Kiingereza. Tangu mume wangu aanze kazi ya kuwapitishia watu mizigo forodhani, akikasirika hasemi tena Kiswahili. Anasema kwa sauti ya chini, kama mtu wa ofisi, na majirani wakisikia wanadhani anaongea na wateja. Mimi niliishia darasa la tano. Naitikia tu kwa kichwa, na kuitikia kwangu kunamzidisha. Juzi mchuzi ulizidi chumvi. Akasema "fedi apu", halafu "yu a getingi oni mai navuzi". Nimeyashika hivyohivyo nilivyoyasikia. Ni nini hayo? Nikiyajua nitajua la kujibu.

Mdogo wako,
Sharifah


Tororo
11 Februari 2024

Sharifah mdogo wangu,

Wa alaykum salaam. Goti la Mama limetulia, ila mvua ikikaribia analijua kabla ya mawingu. Anasema mjukuu wake apelekwe akapimwe kifua.

"Fed up" ni kuchoshwa, kama mtu aliyelishwa kitu mpaka kikamfika kooni. "You are getting on my nerves" ni kwamba unamkera. Ni maneno ya kila siku. Hata mwalimu mkuu wetu hutuambia yuko fed up, kisha tunakunywa naye chai. Akiyasema, nyamaza, yatapita.

Lakini kuna jambo hukuliandika, nami naliuliza. Mkono anainua?

Dada yako,
Zubaida


Busia
20 Aprili 2024

Kwa dada,

Salaam nyingi baada ya kimya. Idd imepita nami sikuja kumpa Mama mkono, aniwie radhi. Kifua cha Rukiyah kimepona. Mimi nipo.

Nilinyamaza kama ulivyosema. Halafu siku moja nikaona nimjibu kwa lugha yake. Nikamwambia, "Sori, ai no yu a fedi apu." Alinitazama, akacheka kidogo, akaniuliza kwa Kiswahili ni nani ananisomesha. Nikasema redio. Hakuamini.

Siku ya pili ya Idd akasema "don pushi mi". Nilikuwa nimesimama jikoni, mikono ina unga wa chapati, sijamgusa. Neno hilo la kusukuma nalijua, limeandikwa kwenye mlango wa benki. Nikafikiri anataka nimpishe, nikarudi nyuma. Akanifuata. Jino la mbele halipo tena. Watu nimewaambia niliteleza bafuni. Uliuliza kuhusu mkono. Sasa nimekujibu, na haikuwa mara ya kwanza.

Kinachonitisha ni Rukiyah. Ana miaka minne tu. Jana alimshika mwanasesere wake shingoni, akamwambia polepole, "yu wil meki mi luzi iti." Sauti ilikuwa ya baba yake kabisa. Hilo nalo ni nini?

Mdogo wako,
Sharifah


Tororo
25 Aprili 2024

Sharifah,

Salaam. Leo sikuulizi hali, umeniambia.

"Don't push me" ni usinichokoze. "You will make me lose it" maana yake utanifanya nipotewe na akili. Ni tafsiri ya mwisho nitakayokupa. Nimekaa nayo kutwa nzima. Kwa maneno yake, wewe ndiye unayemkera, wewe ndiye unayemsukuma, wewe ndiye utakayempotezea akili. Yeye hana alichofanya. Wala si Kiingereza peke yake. Hata sisi husema hasira zimempanda, utadhani zimetoka mtaani zikamvamia.

Jumatatu, Wahabi akishakwenda forodhani, toka na Maximilla kama mnaokwenda sokoni. Usibebe begi. Chukua mtoto na kitambulisho. Mjomba Faruk atasubiri na pikapu upande wa Uganda, penye wauza mihogo.

Mama amejua. Nilidhani atasema uvumilie. Amesema tu, "Mleteni mwanangu," akaenda kutandika kitanda.

Dada yako,
Zubaida


Tororo
30 Aprili 2024

Sharifah,

Salaam, popote ulipo. Barua hii nampa Maximilla akutafute.

Jana alivuka na Rukiyah peke yake. Anasema mlikuwa mlangoni Wahabi aliporudi, kuna karatasi alisahau, nawe ukamkabidhi mtoto ukasema, "Tangulieni, nakuja." Jioni aliporudi aliukuta mlango wenu una kufuli. Leo Wahabi anamwambia umekwenda kwa watu wake Lunyo. Tumepiga simu Lunyo. Hujafika.

Mimi na mjomba tulikwenda polisi. Askari akauliza kama mumeo alikutishia. Nikamtajia maneno yale moja moja. Akasema, "Madam, hayo ni maneno ya hasira tu. Hata mimi humwambia mke wangu." Akaandika kwamba mume na mke wamekosana.

Rukiyah amekula. Kikombe kilimponyoka, akajificha chini ya meza, hakutoka mpaka Mama alipoingia humo humo na goti lake akaketi naye.

Nijibu, hata neno moja.

Dada yako,
Zubaida


Busia, wodi ya wanawake
6 Mei 2024

Kwa dada Zubaida,

Salaam zako zimenifikia. Maximilla alizunguka hospitali mpaka akaniona. Niko hai. Taya limefungwa kwa waya, siwezi kusema. Kuhusu jicho la kushoto daktari bado hajasema kitu.

Wahabi mwenyewe ndiye aliyenileta, Jumanne usiku. Alisimama kando ya kitanda akamweleza daktari kwa Kiingereza kwamba nilianguka kwenye ngazi, kwamba mimi ni mtu wa hasira, "she has a bad temper". Nyumba yetu haina ngazi. Nilielewa karibu yote. Daktari, mama mmoja anayeitwa Harriet, akanigeukia akauliza kama ni kweli. Nikatikisa kichwa kukataa. Wahabi akamwambia asijisumbue, mke wake hajui Kiingereza. Nikaomba kalamu kwa ishara, nikaandika kwenye kiganja changu: He beat me. No stairs. Harriet akasoma, akamwomba Wahabi atoke nje kidogo, kisha akamwita mlinzi.

Walimkamata. Siku chache tu, akatoka. Mama mkwe amekuja na ndizi, anasema hasira ni hasara, mwanawe amejuta, tuyamalize nyumbani. Niligeuza uso ukutani mpaka akaondoka.

Nimekuuliza maneno mengi ya hasira yake. La hasira yangu sikukuuliza hata moja. Ninayo, dada, na haijanituma nimpige mtu.

Wananiruhusu Ijumaa. Maximilla hawezi kunisindikiza, Wahabi amemtishia. Njoo wewe na mjomba Faruk, mfike mapema kabla yeye hajasimama getini. Niletee baibui lako moja, langu walilikata kwa makasi. Rukiyah msije naye. Mwambieni nakuja, na kwamba nikifika sitaweza kumwita kwa jina, aje mwenyewe.

Mdogo wako,
Sharifah