Picha ya Ishirini na Sita

Kutulo, 3 Februari 2024

Aabo mpendwa,

Assalamu aleikum. Mimi mzima, wanafunzi wangu wasumbufu kama kawaida. Macho yako je? Tangu mlingoti wa simu uharibike hapa, tunaandikiana barua kama watu wa zamani.

Mwalimu mkuu amenifanya mpiga picha wa shule, eti kwa kuwa baba yangu ana studio ya picha huko Waberi, Garissa! Sijui hata aina za kamera. Tununue ipi? Na lile swali langu la kila siku: kweli hooyo, mama yangu marehemu, hakuacha picha ila ya kitambulisho? Nimeanza kuusahau uso wake, na naogopa.

Binti yako, Nasteha

Garissa, 12 Februari

Nasteha binti yangu,

Wa aleikum salaam. Macho yanaona nusu, alhamdulillahi.

Simu inatosha kwa mambo madogo, ila ukivuta kitu cha mbali inakiharibu. Ile kubwa yenye kioo ndani, ya kubadilisha lenzi, ni imara na betri inadumu. Shule ichukue hiyo. Isiyo na kioo ni nyepesi lakini inakula betri, na umeme wenu naujua. Ya filamu haina haraka, inangoja isafishwe kwa dawa ndipo picha zionekane.

Yangu ya filamu nimekutumia kwa basi. Niliandika polepole basi likaondoka, kwa hiyo barua anakuletea Sakariye wa lori la mbuzi. Ndani ya kamera yumo hooyo yako. Hakutaka picha kabisa, unamjua, lakini wiki ile kabla ya hospitali alikaa mlangoni akasema, "Piga basi, kabla sijabadilisha nia." Ni picha ya ishirini na sita. Miaka mitatu nimekosa moyo wa kuisafisha. Kumi zilizobaki kwenye filamu zipige wewe, likizo uipeleke Nairobi isafishwe. Usifungue mgongo wa kamera. Mwanga ukiingia, zote zimekwisha.

Aabo yako, Abdille

Kutulo, 16 Februari

Aabo,

Salaam nyingi. Kamera imefika, nzito hiyo! Barua bado, wanasema lori la Sakariye limekwama njiani. Nilifungua nyuma nitafute pa kuweka kadi, nikakuta utepe. Nikauvuta wote, tukautazama dirishani na Maka ninayeishi naye. Hakuna picha hata moja, rangi ya chai tu! Umenitumia filamu tupu, mzee? Tumecheka sana.

Binti yako, Nasteha

Garissa, 22 Februari

Nasteha,

Salaam. Mimi mzima. Ndiyo, filamu ilikuwa tupu, usijali. Sakariye akifika, barua yake usiifungue, nilichanganya mambo ya lenzi. Mrudishie tu aniletee.

Aabo yako

Kutulo, 27 Februari

Aabo,

Assalamu aleikum. Barua yako imefika leo. Ya Sakariye niliisoma juzi.

Sijaingia darasani siku mbili. Utepe nimeuvingirisha tena nikaufungia kwenye kamera, nikijua haisaidii. Nisamehe. Nilimshika hooyo dirishani nikacheka.

Usinifiche tena. Niandikie alivyokaa pale mlangoni: shungi lilikuwa rangi gani, mikono aliiweka wapi, alitabasamu au alikunja uso. Wewe ndiye uliyemtazama siku ile, na sasa picha iko kwako peke yako. Andika polepole, hata basi likiondoka.

Binti yako, Nasteha