Kalamu ya Pembe ya Glen Sorran

Glen Sorran,
Mwishoni mwa Mei

Kaka yangu mpendwa Torquil,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Annick pamoja na watoto. Sisi huku hatujambo. Nyonga ya Baba bado inamsumbua asubuhi, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Theluji imekwisha vileleni, mvua haijaisha, na visubi wameanza kutuuma mapema mwaka huu kana kwamba walikuwa wamefunga.

Nimechelewa kukuandikia. Ukisoma mpaka mwisho ama utanisamehe ama utapandwa na hasira, nami nitakujua kwa majibu yako.

Mwezi Machi, Dolina Gunn aliingia karakanani kwangu bila kubisha hodi, akanipungia mkono nizime mashine ya kukerezea. Sasa yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya kijiji. Alinieleza kwamba Bwana Ansley amekubali hatimaye kutuuzia bonde lote, mlima na mto na nyumba tunazopanga, na kwamba atakuja mwenyewe kutia saini ukumbini mwezi Mei. Kamati ilitaka asaini kwa kalamu ya pembe ya kulungu wa hapa hapa. Bila shaka unakumbuka jinsi msimamizi wa Ansley alivyokuwa akitufukuza na mbwa kila tulipookota pembe zilizoangushwa na madume.

“Nataka asaini kwa pembe alizotukataza kuokota,” Dolina alisema. “Na iandike vizuri, Murdina. Ikigoma mbele ya watu, mimi nahamia Glasgow.”

Nilikubali, ila kwa hofu. Kalamu nimekereza nyingi, watalii wanazinunua pale posta, lakini hizo huenda zikakaa ndani ya makasha yake milele bila kuandika neno. Hii ingeandika mara moja, mbele ya bonde zima. Juu ya hayo, wakili wa Bwana Ansley alipoambiwa alicheka kwenye simu. Alisema mteja wake ana kalamu ya dhahabu aliyorithi kwa baba yake, na hana haja ya kipande cha mfupa. Dolina akamjibu kwamba hakuna neno, zote mbili zitawekwa mezani.

Na Baba? Baba hakutaka kabisa kusikia habari za kununua ardhi. Unamjua. Maisha yake yote aliwaongoza akina Ansley mlimani kuwinda, akiwabebea bunduki na kuwaonyesha dume la kupiga. Mwaka jana, mpango ulipoanza tu, aliuliza kijiji kikishanunua mlima ni nani atakayelipia waya wa fensi. Dolina alipomjibu kwamba ni sisi, alikoma kuzungumza naye. Mwaka mzima walikutana dukani na kanisani, na Baba akimtazama kama mtu anayetazama dirisha.

Basi nikaanza kazi. Pembe haifanani na mti, Torquil. Nje ni ngumu kama jino, ndani ina uboho wenye vishimo kama mkate mkavu, na imepinda, kwa hiyo ukiitoboa ili upitishe mrija wa shaba, ncha ya keekee inaweza kutokea ubavuni usipopatarajia. Kipande changu cha kwanza kilitobolewa hivyo hivyo. Cha pili kilikuwa sifongo kitupu, nikakimiminia gundi mpaka kikashiba, lakini patasi ilipokigusa tu kilipasuka na kurukia ukutani. Harufu ya pembe inayokerezwa unaijua? Ni ile ya nywele zilizoungua. Mbwa wa jirani alikaa mlangoni siku zote hizo akinisifu peke yake.

Pembe nzuri zikaniishia, na siku ya saini ilikuwa imekaribia. Jioni moja Baba alikuja kuchukua msumari, akaona vipande vilivyoharibika mezani. Alivigeuza kimoja baada ya kingine, akaniuliza kama vyote vilikuwa vya kalamu ya Dolina. Nilisema ndiyo. Akaniambia pembe hizo ni za madume wachanga, ndiyo maana ni hafifu, kisha akaenda zake na msumari wake.

Asubuhi nikakuta kitanda chake kitupu na fimbo yake haipo. Mvua ilikuwa inanyesha kwa mshazari na ukungu umeshuka mpaka kwenye paa la kanisa. Nilipiga kelele kijijini kama mwehu. Watu waliacha chai zao wakavaa makoti, na aliyetangulia mbele yetu sote alikuwa Dolina, na viatu vyake vikubwa vya mpira. Tulipanda tukiita. Nilishaanza kulia, sikufichi.

Dolina ndiye aliyemwona. Baba alikuwa anateremka kwenye majani yaliyolowa akiwa ameketi, anajisukuma kwa mikono kama mtoto anayeteleza, na koti lake limetuna kifuani.

“Mzee!” Dolina alimwita. “Unashuka mlima kwa makalio?”

“Ndiyo sehemu pekee isiyoniuma,” Baba alijibu. “Njoo unishike mkono, acha kuchungulia.”

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwa Dolina baada ya mwaka. Tulicheka tukiwa tunalia. Ndani ya koti alikuwa amefunga pembe ambayo sijawahi kuona mfano wake, nzito, yenye rangi ya chai, na shina lake nene kama kifundo cha mkono wangu. Alikuwa ameitoa kwenye kishimo cha mlima ambako madume wazee huangusha pembe zao, mahali ambapo hakuwahi kumwonyesha hata Ansley mmoja. Nilimuuliza kwa nini amehatarisha roho yake kwa jambo asilolitaka. Alisema kwamba kama mlima lazima uuzwe, basi usiuzwe kwa takataka.

Nilikata karibu na shina, palipo pagumu zaidi. Nilitoboa polepole, nikapumzisha ncha, nikatoboa tena. Patasi ilipoanza kula, pembe haikupasuka. Iliachia vumbi jeupe laini kama unga, na chini yake ikatokea rangi ya maziwa yenye mishipa ya kahawia. Nikaisugua kwa msasa, nikaipaka nta, nikaiacha sehemu ndogo ya gome la nje juu ya kifuniko ili kila atakayeishika ajue ilikotoka. Nilipoijaribu, wino ulitiririka bila kusita. Niliiweka mezani nikacheza peke yangu.

Siku ya saini ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Bwana Ansley aliketi, akasoma karatasi, kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa kalamu yake ya dhahabu. Yangu ilikuwa mbele yake na hakuitazama. Hapo nikasikia kiti kikikwaruza nyuma yangu. Baba alikuwa amesimama.

“Bwana,” alisema, “mimi nimekubebea bunduki maisha yangu yote. Leo wewe beba kalamu ya binti yangu, dakika moja tu.”

Bwana Ansley aligeuka mwekundu mpaka shingoni. Alimtazama Baba kwa muda, kisha, nampa haki yake, akairudisha dhahabu mfukoni na kuishika pembe. Akaipima mkononi. Akasaini, jina refu lote lile, na wino haukukatika hata herufi moja. Kisha akauliza kwa upole kama anaweza kubaki nayo.

“Leo ni siku yako ya kuuza, Bwana,” Dolina akamwambia, “si ya kununua.”

Ukumbi ulilipuka! Wazee walipiga meza, zumari ikaanza, na Baba alicheza raundi moja na Dolina, nyonga na yote. Bonde ni letu, Torquil.

Sasa lililobaki, ambalo nimelizunguka tangu mwanzo. Wakati wa Krismasi nilikuahidi kwamba mimi na Baba tutahamia kwako Halifax, ng'ambo ya bahari, na najua umeshatupakia rangi chumba. Siji, kaka, wala Baba haji. Nilisema kweli wakati ule, kwa sababu hapa hapakuwa na kitu cha kubakia. Sasa kamati imenipa banda la farasi la Ansley liwe karakana, na wasichana wawili wanataka niwafundishe kukereza. Na kuna kubwa zaidi. Kamati inagawa viwanja kwa watoto wa bonde walio mbali wanaotaka kurudi kujenga. Kwenye mkutano nilisimama nikasema Torquil anataka kimoja. Sikukuuliza. Wamekubali.

Mbusu wifi, na watoto uwaambie shangazi yao anawasalimu sana. Dolina anakusalimu. Baba naye anasema kiwanja chenyewe kinatazama mto, kinapata jua asubuhi, na ukikataa atafugia kuku hapo.

Wako akupendaye daima,
mdogo wako,
Murdina